Uliza Ujibiwe: Mabasi ya waya ya Valparaíso, yatadumu au ndo basi tena?

Toleo lililopita tuliweka picha ndogo tu kurasa za kati, basi la kijani na krimu linakata kona kule Valparaíso, Chile, tukadhani limepita hilo. Wapi! Maswali yamemiminika, mengine yakiuliza kama kweli mabasi ya namna hiyo yako hatarini kufungwa, mpaka nimeamua safu nzima ya leo niiache kwa hilo basi. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, aliyetukana kidogo nimemsamehe.

SWALI: Mjibu shikamoo. Hilo basi lenye fito mbili mgongoni kama vipapasio vya panzi ni basi au treni? Na mbona limekaa kizamani hivyo, linatembea kweli au la maonyesho? (Mdadisi)

Marahaba Mdadisi. Ni basi kabisa, lina matairi ya mpira na usukani na halitembei kwenye reli, ila badala ya injini ya dizeli lina mota ya umeme, na umeme wenyewe linaunyonya kwenye waya mbili zilizotundikwa juu ya barabara muda wote likiwa njiani. Trolibasi hilo, ila humu tutasema troli tu tusichoshane.

Na sio teknolojia mpya hata kidogo. Werner von Siemens alijaribu la kwanza pale Halensee karibu na Berlin tarehe 29 Aprili 1882, alichukua gari la kukokotwa na farasi akalifunga mota, likawa linakwenda na kurudi kwenye njia ya mita 540, ilipofika Juni jaribio likaisha wakang'oa. Troli zilikuja kushika kasi hasa kwenye miaka ya 1930, manake miji mingi ilikuwa na tramu (vigari vya umeme vya kwenye reli za barabarani) zilizochoka, reli zimekwisha na kuzifumua upya ni gharama, lakini nguzo zipo, waya upo, vituo vya umeme vipo, sa ukiachana na reli ukaongeza waya wa pili na kuleta mabasi ya mota unakuwa umeokoa hela nyingi tu.

Valparaíso nao walifanya hivyohivyo ila kwa kuchelewa. Tramu zao zilikufa 1952, na troli zikaanza kazi tarehe 31 Desemba ya mwaka huohuo chini ya kampuni ya usafiri ya serikali. Mabasi 30 mapya yaliagizwa Marekani kwa Pullman-Standard, kiwanda cha Worcester, Massachusetts, na ni kati ya troli za mwisho kabisa kutengenezwa na kampuni hiyo. Baadaye wakaongezewa Pullman zingine zilizokuwa zinapiga kazi Santiago, hizo zimeundwa kati ya 1946 na 1948, yaani mtumba ulioletwa nyuma ni mzee kuliko basi walizoanza nazo! Santiago wenyewe walifunga mtandao wao wa troli 1978, wakajaribu tena 1991, ikafika 1994 wamekunja jamvi. Kwa hiyo Chile nzima mji wenye troli umebaki Valparaíso.

Na ndio, zimebeba watu wa kawaida wanaokwenda kazini na sokoni, sio maonyesho. Kwa miaka mingi hizo Pullman zimehesabika kuwa troli kongwe kuliko zote duniani zinazofanya kazi ya kila siku. Mwaka 2003 serikali ya Chile ilizitangaza Pullman 15 kuwa urithi wa kihistoria wa taifa, na mwaka uleule UNESCO ikaingiza mji mkongwe wa Valparaíso kwenye orodha ya urithi wa dunia.

SWALI: Mimi fundi umeme wa majumbani. Tramu na treni za umeme naona zina mkono mmoja tu juu, hili basi kwanini fito mbili? Na siku ya mvua abiria amelowa, akishika mlango hapigwi shoti? (Fundi Nyaya)

Fundi umegusa penyewe. Kwenye tramu umeme unashuka na waya mmoja, unapita kwenye mota, alafu unarudi kituoni kwa kupitia reli. Troli haina reli na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo mzunguko haufungi mpaka uwe na waya wa pili wa kurudishia, ndo fito ya pili hiyo. Kawaida ni umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, volti 600 mpaka 750. Kwenye ncha ya kila fito kuna kiatu cha chuma ambacho ndani kimepachikwa kipande cha kaboni, hicho ndo kinachoteleza kwenye waya, na kaboni imewekwa makusudi ili iliwe yenyewe na sio waya, manake kaboni unabadilisha gereji kwa muda mfupi na waya ni shughuli ya kufunga barabara. Mvua ikinyesha kaboni inaisha haraka zaidi, mafundi wa troli wanaijua hiyo vizuri. Fito zina springi na zinazunguka, kwahiyo basi linaweza kutoka pembeni ya waya kama mita 4 hivi kila upande, likakwepa gari lililoegeshwa vibaya na safari ikaendelea.

Kuhusu shoti, wasiwasi wako una msingi kabisa. Bodi ya troli haijagusana na ardhi, sa kama kuna mahali insulesheni (kinga ya kuzuia umeme usivuje) imekufa bodi yote inaweza kupata umeme na aliyekaa ndani asijue chochote, maana yeye na kiti na sakafu wote wako sawasawa. Wa kuumia ni yule anayepanda, mguu mmoja uko chini barabarani umelowa na mkono umeshika chuma cha mlango. Ndo maana troli zinafungwa insulesheni mara mbili, ngazi na vishikio vya mlangoni vinafunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme, na kupima uvujaji ni kazi ya kila mara gereji. Troli zimebeba watu mvua na jua miaka zaidi ya 100, lakini ukikuta mahali wanaendesha bila kupima, hapo fundi kimbia.

SWALI: Fito zikichomoka kwenye waya je? (ametuma kwa simu, hakuweka jina)

Basi linasimama. Dereva anashuka, anaenda nyuma, anavuta kamba zilizofungwa kwenye fito, anazirudisha kwenye waya moja baada ya nyingine, anapanda, mnaondoka. Yale ya zamani hayana betri ya kutembelea kwa hiyo likizimikia katikati ya njia panda pasipo na umeme ni kusukuma au kuvutwa, na honi za madereva wengine ndo hizo sasa.

SWALI: Kama serikali imeshatangaza urithi wa taifa, hofu ya kufungwa inatoka wapi? Nani mwenye haya mabasi? Au ndo uzee tu? (Mchumi wa Mtaani)

Hapa ndo penyewe, na nitaomba univumilie maana jibu ni refu.

Kwanza soma vizuri kilichotangazwa. Ni mabasi 15. Na tangazo la urithi linakuzuia usiipeleke Pullman kwenye skrepa kienyeji, lakini halilipi bili ya umeme, halilipi mshahara wa dereva, halinunui waya. Basi linaweza kuwa urithi salama salimini huku limeegeshwa bandani na vumbi juu, na mtandao umeshakufa.

Pili, umiliki. Mwanzoni kila kitu kilikuwa cha serikali, basi, waya, nguzo, vituo. Kwenye utawala wa kijeshi usafiri wa mijini Chile ukaachiwa wenye mabasi binafsi washindane, kampuni ya serikali ikavunjwa 1981, na troli za Valparaíso zikaangukia mikononi mwa watu binafsi, kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990 mwendeshaji amekuwa kampuni inaitwa Trolebuses de Chile. Sa hebu piga hesabu ya kimtaani. Mwenye basi la dizeli ananunua basi, anaweka mafuta, anaingia barabarani, na barabara hakuijenga yeye. Mwenye troli ana basi lake lakini pia ana mzigo wa waya, nguzo, swichi za kwenye makutano na mitambo ya kubadilisha umeme wa gridi kuwa DC, yaani ni sawa na kumwambia mmoja wa washindani "wewe ndugu njoo na barabara yako", alafu wote wawili wanagombania abiria mmoja kwa nauli inayokaribiana. Unategemea nini hapo?

Tatu ni sura ya mji wenyewe, na hii watu wengi hawaioni kwenye picha. Valparaíso ni vilima, zaidi ya 40, na chini kuna ukanda mwembamba wa tambarare kati ya vilima na bahari, wenyewe wanauita El Plan. Maduka, maofisi na bandari viko chini, watu wengi wanalala juu. Waya za troli ziko El Plan tu. Mtu akitoka kilimani asubuhi anapanda basi dogo la dizeli, micro wanaziita, linashuka naye, alafu hilohilo linaendelea kukatiza El Plan mpaka anapokwenda, sasa kwanini ashuke alipe tena nauli ya troli? Troli inabaki na wale wanaotoka tambarare kwenda tambarare. Ni kituko ukifikiria, manake mota ya umeme inatoa nguvu kubwa toka tairi linapoanza kuzunguka, na kwenye milima ndo inapolidhalilisha basi la dizeli. San Francisco kule Marekani troli zinapanda kipande chenye mteremko wa asilimia 22.8 na abiria ndani! Valparaíso ina milima na ina troli, na vitu hivyo viwili havikutani.

Sasa uzee. Nakataa kabisa kwamba uzee wa mabasi ndo unaoua mtandao. Mota ya umeme ina vitu vichache vinavyosagana, haina mlipuko ndani, haitingishi bodi kama dizeli, ndo maana basi la 1947 linaweza kuwa hai wakati basi la dizeli la umri huo lilishageuka sufuria zamani. Spea ndo taabu, Pullman haitengenezi tena kwa hiyo unachonga mwenyewe au unang'oa kwa basi lililokufa. Na hata hivyo walitafuta njia, walileta troli za mtumba kutoka Uswisi, zikiwemo za mji wa Lucerne, kwa hiyo mtu asikuambie Valparaíso yote inatembea na basi za babu. Basi linapatikana. Waya ndo ugomvi.

Maoni yangu mimi, na mhariri ameniruhusu: waya wa troli uhesabiwe pamoja na barabara na taa za barabarani, uwe mali ya umma, na mwendeshaji alipwe kwa kilomita anazotembea. Mfano haupo mbali, uko mjini hapohapo. Valparaíso ina vile vibehewa vya kupanda vilima kwa kamba, ascensores, cha kwanza kimefunguliwa 1883. Vingi vilikuwa vya watu binafsi na vikawa vinasimama kimoja baada ya kingine, mwaka 2012 serikali ikanunua 10 kwa mpigo ili vikarabatiwe. Ukarabati ulikwenda kwa mwendo wa kobe, sikatai, lakini angalau swali la nani anabeba gharama lilipata mwenyewe. Troli zimekuwa zikiishi kwa kubangaiza, leo ruzuku kidogo, kesho tishio la kufunga, keshokutwa wanasiasa wanapiga nazo picha.

SWALI: Afrika tuliwahi kuwa nazo au ndo yaleyale ya kuangalia za wenzetu? (Mzalendo)

Tuliwahi, tena za ghorofa. Cape Town na Durban walianza 1935, Johannesburg 1936. Durban walifunga 1968, Cape Town walitangulia 1964, Johannesburg ndo waliovumilia mpaka 1986. Sababu ni zilezile za kila mahali, mji unatanuka na waya haufuati, dizeli ikaonekana rahisi, basi likaonekana huru zaidi. Ila hapo pa Johannesburg mimi huwa nacheka peke yangu, nchi ina makaa ya mawe ya kuzalishia umeme mpaka basi, iko kwenye vikwazo vya mafuta, alafu inafunga mabasi ya umeme inabaki na ya dizeli. Haya.

Kwa sasa angalia Marrakech, Morocco. Mwaka 2017 walizindua troli kwenye njia maalumu ya mabasi, na sehemu ya njia haina waya kabisa, basi linatembelea betri. Likumbuke hilo, linatupeleka swali linalofuata.

SWALI: Siku hizi kuna mabasi ya betri, kwanini wasing'oe hizo waya zinazochafua anga wakanunua ya betri yaishe? (Kijana wa Teknolojia)

Kijana, wapo waliokusikiliza kabla hujaandika. Moscow walianzisha troli tarehe 15 Novemba 1933 na wakafika kuwa na mtandao mkubwa kuliko wote duniani. Kuanzia miaka ya 2010 wakaanza kukata kipande kipande, barabara ya katikati ya mji ikikarabatiwa waya unashuka na haurudi, njia nyingine zikapewa mabasi ya dizeli kwanza, kuanzia 2018 yakaja mabasi ya betri yanayochajiwa haraka mwisho wa njia, na tarehe 25 Agosti 2020 troli ya mwisho ikaingia gereji. Wameacha njia moja fupi ya kumbukumbu. Kichekesho ni kwamba mabasi yale ya betri yalikuja na hita ya dizeli ya kupashia abiria joto kwenye baridi, kwahiyo basi la umeme na bado linatoa moshi.

Wellington, New Zealand, nao walifunga tarehe 31 Oktoba 2017. Kisa kilikuwa mitambo na nyaya za chini za kulishia umeme zimezeeka na kuzibadilisha ni hela ndefu. Mpango ulikuwa zile troli zigeuzwe zitumie mfumo mwingine wa umeme wenye kuchaji ndani ya basi, haukufanikiwa, na njia nyingi za troli zikashikwa na dizeli wakati wakisubiri betri. Angalia mfululizo huo vizuri: unang'oa kilichopo leo, kinachokuja kinakuja kesho, na hapo katikati watu wanavuta moshi.

Sasa upande wa pili. Basi la betri la mita 12 la siku nzima linabeba betri ya kilowati-saa 300 au 400 au hata zaidi, huo ni uzito wa tani kadhaa unaozunguka nao mjini kutwa, na betri ikichoka ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye basi. Wahandisi wakaja na mchanganyiko: weka betri ndogo, ya kilowati-saa 50 hivi, basi lijichaji likiwa linatembea chini ya waya, likifika waya ulipoishia linashusha fito lenyewe linaendelea na betri, likirudi linapandisha tena. Halipotezi muda limesimama kwenye chaja. Prague, Czechia, walizifuta troli 1972 na sasa wamerudi kwa mtindo huo, mwaka 2024 njia ya kwenda uwanja wa ndege ilianza kuhudumiwa na troli ndefu za vipande vitatu, na waya haujafungwa njia nzima.

Sasa rudi Valparaíso na ramani mkononi. Waya uko El Plan, watu wako vilimani. Troli yenye betri ndogo ingejichaji tambarare, ingepanda kilima kwa betri ambako huhitaji nguzo hata moja kwenye vile vichochoro, na wakati wa kushuka mota inageuka jenereta, inashika breki huku inarudisha umeme kwenye betri. Abiria anapanda mlangoni kwake anashuka ofisini bila kubadilisha gari, yaani lile tatizo la tatu nililomwambia Mchumi linakwisha. Ukiwa na mji umeshakuwa na waya kwenye tambarare na watu wako juu, kung'oa huo waya ndo uamuzi wa mwisho ningeufanya. Hela ya mabasi hayo haijapata mwenyewe, najua, na Pullman haziwezi kugeuzwa hivyo na wala zisiguswe. Lakini ukisikia mtu anasema teknolojia imezipita, muulize teknolojia ipi.

Kuhusu kuchafua anga, hilo ni jicho la mtu. Kwenye picha zote mlizonitumia kusifia Valparaíso, waya umo.

SWALI: Naenda Chile kikazi, nitakuwa na siku moja Valparaíso. Nipandie wapi na nitajuaje nimepata la zamani? (Msafiri)

Tafuta laini 802, inatembea kati ya Aduana upande wa bandarini na Avenida Argentina upande wa pili wa El Plan, ikikatiza katikati ya mji. Kama muda unaruhusu panda mwisho wa njia upate kiti cha nyuma, ukigeuka uone kamba za fito zinavyocheza kwenye kona. Usikimbilie la kwanza kufika, lile lenye sura ya kisasa kidogo ni la Uswisi. Pullman ni la mviringo, bodi ya bati yenye ribiti, na ubavuni limeandikwa namba: za 700 ni zile zilizokuja mpya 1952, za 800 ni zile zilizotoka Santiago. Ya 800 ikitokea acha kila kitu upande, na uwe na chenji mkononi.